Sura ya 6: Meli, visiwa na familia ya Buluo

Swali hili linaulizwa Buluo, linaulizwa Kikula, linaulizwa Panda, kila kona ya Likasi, na kila mara linakuja na kicheko kidogo cha mtu anayeogopa kuchekwa: "Sisi tuko mbali na bahari. Je, baba mwenye mshahara wa kawaida, au mama mwenye meza yake sokoni, anaweza kupakia watoto melini na kuzunguka nao visiwani, kama wale watu tunaowaona kwenye simu?"

Anaweza, kwa sharti moja. Asiitafute ile meli ya kwenye simu. Avitafute visiwa kwanza, na meli iwe ya saa chache tu kati ya kisiwa na kisiwa. Akigeuza mpango huo, meli ikawa ya siku saba na kisiwa cha saa tano, atalipa mara kadhaa zaidi na watoto watarudi Likasi wakisimulia lifti na aiskrimu.

Watoto wa Likasi bahari wanaijua kwa mlango wa jikoni. Makayabo, yale mapande ya samaki wa chumvi, magumu kama mbao, yanayolowekwa usiku kucha kabla ya kuingia sufuriani, ni samaki wa baharini. Tomsoni wa barafu anauzwa kwa katoni, naye anatoka baharini, pwani ya Namibia. Kinachobaki ni kuwaonyesha maji yenyewe.

Ile meli ya kwenye simu

Meli ya kitalii ni hoteli inayotembea. Usiku inasafiri, asubuhi inafunga gatini, abiria wanashuka kwa saa chache, jioni wanarudi kula na kulala mlemle. Iliyopigwa picha kuliko zote miaka hii ni Icon of the Seas, iliyoanza kubeba watalii Januari 2024 kutoka Miami, Marekani. Ina urefu wa mita 365. Panga viwanja vitatu vya mpira kwa urefu, na bado mkia wa meli utachungulia nje. Ikijaa hubeba abiria zaidi ya 7,000, mbali na wafanyakazi, na ina mabwawa saba ya kuogelea.

Mabwawa saba! Kwa mtoto ambaye hajawahi kuona bahari, hiyo ni njia nzuri sana ya kuikosa.

Wengi hushangaa kwamba tiketi ya meli kama hizi mara nyingi si ghali kama walivyodhani. Sababu ni kwamba kampuni haitegemei tiketi peke yake. Faida kubwa iko ndani: vinywaji, intaneti, picha, kasino, matembezi ya bandarini, na bakshishi ya wahudumu inayoongezwa kwenye hesabu yako kila siku. Chakula cha kawaida kimelipiwa, ndiyo, lakini soda ya mtoto inaweza isiwe imelipiwa, na mtoto wa likizo hanywi soda moja. Familia ya watu sita inayohesabu tiketi peke yake imehesabu nusu ya safari.

Kuna jambo la pili ambalo picha haisemi. Tazama bendera nyuma ya meli hizo: nyingi ni za Bahamas au Panama, ingawa kampuni zenyewe zina ofisi Marekani au Ulaya. Mabaharia huita hiyo bendera ya urahisi, maana yake meli imeandikishwa katika nchi yenye kodi ndogo na masharti mepesi ya kazi. Mhudumu anayetandika kitanda chako anaweza kuwa amefanya kazi miezi mingi bila siku nzima ya kupumzika, na mkataba wake hausimamiwi na sheria za nchi uliyopandia meli. Sisemi usipande. Nasema ujue bei nafuu ile inatoka wapi.

Kwa nini haiji kutuchukua

Meli ya kitalii huhitaji bandari ya nyumbani, yaani bandari ambako safari inaanza na kuishia, na ambako maelfu ya abiria wanaweza kufika kwa ndege siku moja. Miami ni ya namna hiyo, Barcelona pia. Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar ni bandari za kupita. Meli inakuja, inashusha watu asubuhi, inaondoka jioni. Januari 2024 Norwegian Dawn ilifunga Mombasa ikiwa na watalii zaidi ya 2,000, ikawa habari ya magazetini, jambo linaloonyesha lenyewe kwamba si tukio la kila wiki.

Zamani kidogo hali ilikuwa mbaya zaidi. Maharamia wa Somalia waliwafukuza wenye meli katika bahari hii kwa miaka. Aprili 2009 waliishambulia MSC Melody kaskazini ya Ushelisheli, usiku, abiria wakiwa wanasikiliza muziki. Abiria wakawarushia viti na meza wale waliokuwa wanajaribu kupanda, walinzi wakafyatua risasi, meli ikaponyoka. Baada ya visa kama hivyo kampuni zilipeleka meli zao kwingine. Hatari hiyo imepungua sana, lakini ratiba za meli hazirudi haraka kama zilivyoondoka.

Bandari ya nyumbani iliyo karibu nasi kwa kweli ni Durban, Afrika Kusini. Huko kampuni ya MSC huweka meli katika miezi ya joto, kati ya Novemba na Aprili, kwa safari fupi za pwani ya Msumbiji: Pomene, na kisiwa kidogo cha Ilha dos Portugueses, karibu na Inhaca. Mwenye uwezo wa kuruka Lubumbashi hadi Johannesburg na kuendelea Durban anaweza kuijaribu. Akumbuke tu kwamba meli inatoka Afrika Kusini na kurudi Afrika Kusini, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja haitoshi. Wapo wanaoligundua hilo wakiwa tayari na mabegi.

Na Kongo yenyewe je? Tuna bahari, ukanda wa pwani usiofika kilomita 50 pale Muanda na Banana. Tena barabara ya taifa namba 1, hiyohiyo inayopita Likasi kwenda Lubumbashi, kwenye karatasi inaanzia Banana. Kwenye karatasi. Mwenye watoto asiifikirie.

Njia ya mukuba

Ukitaka kujua njia ya kufika baharini kutoka Buluo, tazama mukuba, yaani shaba yetu, unapita wapi. Malori yanatoka Kolwezi yakiwa na vibamba vya shaba vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma, yanapita Likasi, yanafika Lubumbashi, yanapanga foleni Kasumbalesa, na mengi yake yanaishia bandari ya Dar es Salaam. Ni barabara ya kilomita kama 2,000 kutoka Lubumbashi, ukivuka Zambia hadi Nakonde, kisha Tunduma, Mbeya na Iringa. Shaba ya hapa imeona bahari kuliko watu wa hapa.

Na si jambo jipya. Msiri, mtu wa Unyamwezi aliyejijengea ufalme Bunkeya katika karne ya 19, aliishi kwa biashara hiyo: shaba na pembe za ndovu vikienda pwani, bunduki na nguo vikirudi. Watu pia waliuzwa katika njia hizo, na mtoto atakayesimama siku moja mbele ya sanamu za watumwa Mji Mkongwe, Zanzibar, zile zilizofungwa minyororo shimoni karibu na kanisa la Anglikana, inafaa ajue kwamba baadhi ya misafara ilitoka huku kwetu. Mwambieni kabla hamjafika. Akiwa pale pale atauliza maswali, na mwongoza watalii hatajua Bunkeya iko wapi.

Leo msafiri ana njia tatu za kufika Dar.

Ya kwanza ni ndege. Air Tanzania imekuwa ikiruka kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi, na wengine hupitia Nairobi au Addis Ababa. Kwa watoto wadogo ndiyo njia yenye huruma.

Ya pili ni basi. Linakwenda, lakini ni siku kadhaa za kukaa kitako na mipaka miwili ya kuvuka, Kasumbalesa na Nakonde. Mtoto wa chini ya miaka mitano msimpitishe huko.

Ya tatu ni treni ya TAZARA, kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, hadi Dar. Reli hiyo ya kilomita 1,860 ilijengwa kwa msaada wa China na kukabidhiwa mwaka 1976, ili shaba ya Zambia ifike baharini bila kupita Rhodesia na Afrika Kusini ya wakati ule. Treni inapita katikati ya Hifadhi ya Nyerere, iliyokuwa sehemu ya Selous, na mtoto aliyekaa dirishani anaweza kuona twiga bila kulipa kiingilio. Ubaya wake ni saa. Treni ya abiria imekuwa ikichelewa kwa saa nyingi, na mara nyingine huduma husimama kabisa. Anayeipanda asikate tiketi ya boti ya siku inayofuata, na apige simu kuulizia kabla ya kutoka nyumbani.

Kwa ufupi: meli kubwa ya kitalii haina kituo karibu nasi isipokuwa Durban. Njia ya kawaida ya familia ya Likasi ni Lubumbashi, Dar es Salaam, halafu boti ya Zanzibar. Fedha ya kubana ibanwe hotelini, isibanwe kwenye njia ya watoto.

Kalenda iko mikononi mwa upepo

Hapa ndipo familia nyingi za bara hukosea, na mimi nitakaa hapa kidogo.

Likizo kubwa ya shule Kongo ni Julai na Agosti. Kwetu ni kiangazi cha baridi, vumbi jekundu, usiku wa kutafuta blanketi la pili. Zanzibar wakati huo hakuna mvua nyingi, jua si kali, kila kitu kinaonekana kizuri. Isipokuwa bahari yenyewe. Miezi hiyo ni ya kusi, upepo unaotoka kusini, ulio mkali zaidi kuanzia Juni hadi Agosti. Mkondo kati ya Dar na Unguja, kisiwa kikuu cha Zanzibar, unachafuka, na ule kati ya Unguja na Pemba unachafuka zaidi. Kuanzia Desemba hadi Machi ni kaskazi, upepo wa upande wa pili, wenye joto. Katikati ya pepo hizo mbili kuna tanga mbili, majira ambayo upepo haujaamua, na bahari mara nyingi hutulia: Oktoba hadi Novemba, na tena karibu na Machi. Kisha inakuja masika, mvua kubwa ya Aprili na Mei, ambapo hoteli nyingi za ufukweni hufunga kabisa.

Ukilinganisha na kalenda ya shule unaona tatizo. Bahari tulivu inaangukia wakati wa masomo. Krismasi kuna kaskazi na bahari inavumilika, lakini bei za vyumba zinapanda kwa sababu Ulaya nzima inakimbia baridi. Wengi wetu tutabaki na Julai.

Julai inawezekana. Inataka nidhamu tu. Boti za haraka kutoka Dar hadi Unguja, za Azam Marine na nyinginezo, huchukua kama saa mbili. Panda ile ya kwanza ya asubuhi, kabla upepo haujapanda, maana kwa kawaida mchana huongezeka. Kaa ghorofa ya chini, katikati au nyuma kidogo, ambako chombo hakirushwi sana. Mbele ni pazuri kwa picha na pabaya kwa tumbo. Mtoto ale kitu kikavu asubuhi, mkate au kiazi, asile mafuta wala asinywe maziwa. Atazame mbali, mstari wa maji na mbingu. Asitazame simu. Boti ikishaondoka utaona mfanyakazi anapita kati ya viti na furushi la mifuko midogo, anagawa bila kusema neno. Ni ya kutapikia. Chukua ya kila mtoto na yako pia, hata kama unajiona shujaa, na weka tangawizi mbichi mfukoni.

Nina sababu nzito zaidi ya tumbo kusisitiza Julai. Tarehe 18 Julai 2012 boti iitwayo MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar kwenda Unguja, katika upepo mkali wa kusi, na watu wengi wakafa. Boti hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya maji ya ndani ya jimbo la Washington, Marekani, maji yaliyokingwa na nchi kavu pande zote. Ilikuwa imenunuliwa mitumba. Chini ya mwaka mmoja kabla yake, Septemba 2011, MV Spice Islander ilizama usiku ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa na abiria wengi mno kupita uwezo wake, na mamia hawakurudi. Wakongomani wanaoujua msiba wa Oktoba 2024 pale Goma, boti ilipopinduka ziwani mbele ya macho ya watu waliokuwa wakiisubiri ufukweni, hawahitaji kuelezwa kwamba haya hutokea hata karibu na gati, mchana au usiku, kwa chombo kilichojazwa.

Kwa hiyo mzazi na awe mkorofi kidogo. Jina la kila mtoto liandikwe kwenye tiketi yake, hata mchanga wa kubebwa, maana mtu asiyeandikwa hatafutwi. Ukiona watu wanaketi kwenye ngazi na juu ya mizigo, shuka, tiketi ipotee. Kabla chombo hakijaondoka, inuka utafute maboya ya kujiokolea yako wapi, na uone kama kuna ya ukubwa wa mtoto. Mke wako atakwambia unawaaibisha mbele za watu. Waaibishe.

Pemba ni nzuri: mashamba ya mikarafuu, msitu wa Ngezi, kisiwa cha Misali chenye matumbawe. Lakini kwa watoto wadogo katika miezi ya kusi, nisingewapandisha boti ya Pemba. Kuna ndege ndogo kutoka Unguja, kama nusu saa angani. Mkishindwa bei yake, bakini Unguja na msijione mmekosa kitu.

Maji yanayoondoka

Kitu kitakachomshangaza mtoto wa Buluo kuliko meli yoyote ni kwamba bahari huondoka. Ziwa halifanyi hivyo. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, Paje au Jambiani, anaweza kulala maji yakiwa yanapiga ukuta wa hoteli, akaamka maji yako mbali mpaka anauliza nani ameyachukua.

Kuna kujaa na kupwa, mara mbili kwa siku, kwa nguvu ya mwezi na jua zinazoyavuta maji. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, mwezi na jua huvuta kwenye mstari mmoja, maji yanajaa sana na kupwa sana: watu wa pwani huita bamvua. Tofauti kati ya juu na chini hufika mita nne. Mwezi ukiwa nusu, mabadiliko ni madogo: hayo ni maji mafu. Muulize mwenyeji yeyote atakwambia saa ya maji kujaa bila kutazama kitabu.

Kwa familia hii si elimu ya kupitisha muda. Inaamua mlale wapi. Wanaotaka kuogelea saa yoyote wachague Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako maji hayakimbii mbali. Wanaotaka watoto watembee na kuokota wachague Paje au Jambiani. Huko, maji yakipwa, utaona kinamama wameinama katika vipande vyao vya bahari, kamba zimefungwa kwenye vijiti vilivyochomekwa mchangani, na kwenye kila kamba vishada vya mwani vimening'inia. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani unakaushwa, unauzwa nje, unaishia katika dawa ya meno na vyakula vya viwandani. Mama wa Buluo anayelima mahindi na sombe atatazama shamba lile la maji na kuelewa kazi yote bila mfasiri: kuna palizi, kuna wadudu, kuna mnunuzi anayepanga bei. Wavisheni watoto viatu vya plastiki, kwa sababu miiba ya baharini haisamehe nyayo, na waambieni wasikanyage vishada.

Safari fupi ya mtumbwi wa matembezi, ile ambayo watoto wataiita kwenda kisiwani, ni ya Changuu, dakika chache kutoka Mji Mkongwe. Huko kuna kobe wakubwa ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Ufukweni mtakutana na papasi, vijana wanaotafutia wageni boti na hoteli kwa kamisheni. "Mzee, karibu, boti ipo, bei ya undugu." Jibu kwa heshima, "Ahsante mdogo wangu, tumeshapata," na uendelee kutembea. Kiswahili chetu cha Katanga watakicheka kidogo. Kitakushushia bei pia, kwa sababu mgeni anayejibu kwa Kiswahili si mgeni wa bei ya kwanza.

Chakula hakitawasumbua. Ugali ni bukari uleule, ingawa wao wanaupika mwepesi kidogo, na kisamvu cha nazi ni sombe iliyovaa nguo za sikukuu.

Karatasi, ndiko fedha zinakokwenda

Watu hukadiria ndege na hoteli, wakasahau ofisi. Fikiria paspoti. Kuanzia 2015 paspoti ya Kongo ilikuwa dola 185, hadi mwaka 2020 iliposhushwa kuwa 99. Kwa familia ya watu sita, ile bei ya kwanza ilikuwa dola 1,110 kabla hujanunua hata chupa ya maji. Kwa sababu hiyo mshauri mzuri wa likizo atakwambia uanze na karatasi mwaka mzima kabla, mtoto mmoja mmoja, kila mshahara na paspoti yake.

Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na masharti ya kuingia nchi jirani yamekuwa yakilegezwa moja baada ya jingine. Yanabadilika haraka kuliko kitabu kinavyochapishwa, kwa hiyo yaulizie Lubumbashi kabla ya kulipa chochote. Weka kwenye bahasha moja:

- paspoti ya kila mtu, ya mtoto pia, yenye miezi sita au zaidi mbele yake;
- kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, maana anayetoka Kongo ataulizwa;
- cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, na ruhusa iliyothibitishwa ya mzazi asiyesafiri, hasa kama watoto wanakwenda na shangazi au mjomba;
- masharti ya Zambia, kama mnakwenda kwa barabara au treni;
- bima ya safari ambayo Zanzibar imeanza kuidai kwa wageni tangu Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima; uliza kama nanyi inawahusu.

Piga picha ya kila karatasi. Ya asili ikae na mama. Sina ushahidi wa kisayansi, lakini karatasi zinazokaa na baba hupotea Kasumbalesa.

Fedha ikitosha nusu tu

Kuna familia zitakazofika hapa, zikapiga hesabu, na kuona kwamba mwaka huu haiwezekani. Kwao kuna maji ya karibu zaidi.

La kwanza ni Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita 673, la pili kwa kina duniani. Mpulungu, upande wa Zambia, hufikiwa kwa barabara kupitia Kasama na Mbala, na mbele yake kuna visiwa vidogo vya kuendea kwa boti. Hilo ndilo ziwa la MV Liemba, meli yenye historia kuliko zote Afrika. Wajerumani waliiunda mwaka 1913 mjini Papenburg kwa jina la Graf von Goetzen, wakaifungua vipande katika makasha kama 5,000, wakayapeleka Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli, wakaiunga tena na kuishusha majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe ili isikamatwe, wakiwa wamepaka mashine zake grisi kwa nia ya kuirudia. Walioiibua ni Waingereza, mwaka 1924, na tangu 1927 imekuwa ikibeba abiria, dagaa na mananasi kati ya Kigoma na Mpulungu. Kiwanda kilichoiunda ni Meyer Werft, na familia ya Meyer ndiyo wenye kiwanda cha Finland kilichounda ile Icon ya mabwawa saba. Miaka ya karibuni Liemba imekaa sana katika matengenezo, basi ulizia bandarini kama iko majini kabla ya kuwaahidi watoto.

La pili liko mlangoni kwetu. Mwaka 1930 kampuni ya migodi ya Union Minière waliziba mto Lufira pale Mwadingusha ili wapate umeme wa viwanda, na nyuma ya bwawa likazaliwa ziwa la Tshangalele. Samaki wake wengi huliwa Likasi. Wavuvi watakubali kuzungusha familia kwa bei ya kuelewana, asubuhi na mapema, wakati ndege wa majini ni wengi na upepo ni mdogo. Watoto wasioge wala wasinywe yale maji, kwa sababu mto Panda unayashusha mabaki ya viwanda vyetu upande huo. Na mtumbwi wa mvuvi hauna boya hata moja. Nunueni Lubumbashi jaketi za kuelea za ukubwa wa watoto wenu, wazivae Tshangalele mwaka huu, na mziingize kwenye begi la Zanzibar siku mtakapokwenda, maana boti nyingi za kule zina jaketi za watu wazima peke yake.